UFUNGUO WA PILI
Sehemu ya Tisa: Majoho Saba Yaliyonuna

"Nani alikata hili?"

Tuliachia hapo wiki iliyopita, na nasikia wapo waliokosa usingizi. Poleni. Mimi nililala fofofo, maana jibu nilikuwa nalo mfukoni.

Turudi karakana basi. Jumamosi, saa tatu asubuhi. Mama Tepu, mwenye duka la ushonaji, mama ambaye tepu ya kupimia haimtoki shingoni hata akienda msibani, amesimama dirishani na majoho mawili ya kwaya. La mkono wa kulia linang'aa zambarau kama bilinganya iliyooshwa sasa hivi. La kushoto ni jeusi kama bilinganya iliyosahauliwa.

Kitambaa ni kimoja. Jora ni moja.

"Nimeuliza kwa Kiswahili," alisema. "Nani alikata hili?"

Nyuma yake majoho mengine yalikuwa yametundikwa kwenye bomba refu, yote pamoja kwa mara ya kwanza tangu yashonwe. Jumla ishirini na manne. Kumi na saba yanang'aa. Saba yamenuna.

"Kama mtu anacheka ana meno saba mabovu," alisema dada wa pasi. Huyu anaitwa Redio, kwa sababu hana kitufe cha kuzimia.

Mlokole hakucheka. Mlokole alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu kama vile ndiyo kwanza anatambulishwa kwavyo.

Kwa msomaji aliyejiunga leo kwa sababu gazeti limemfikia likiwa limefungia sabuni, karibu, kaa, nikupe habari kwa ufupi.

Mlokole ni binti wa miaka kumi na tisa. Jina hilo alipewa kazini siku ya kwanza, alipofumaniwa akiiombea cherehani iliyokuwa inakata uzi. Miezi kumi na mmoja iliyopita alitoka kwao na begi moja, Biblia ya zipu, na kufuli. Kufuli alipewa na baba yake. Baba ni fundi kufuli, tena mzee wa kanisa. Amewafungulia watu milango mji mzima, lakini mlango aliotokea binti yake ulimshinda kuufunga.

"Unasema Mungu amekutuma ukajitegemee," baba alimwambia siku ile. "Mbona mimi hakunipa taarifa? Naongea naye kila siku."

"Labda hukumwachia nafasi naye aseme, Baba."

Mama mtu akajifanya kukohoa.

Fundi kufuli akatoa kufuli mpya yenye funguo mbili. Mmoja akampa binti. Wa pili akautia kwenye mnyororo wake wa kiunoni.

"Nakupa mwaka," alisema. "Nikiona kwa macho yangu kazi ya mikono yako imesimama, huu wa pili nitakuletea mwenyewe, na sitakuuliza tena umelala wapi wala umekula nini. Isiposimama, unarudi, unaingia chuo nilichokuchagulia, na hizi habari za Mungu amenituma tunazifungia kabatini."

Kazi ya mikono yake ndiyo hii hapa dirishani. Majoho ni ya kwaya ya kanisa la kwao. Yeye ndiye aliyeandika barua, akaomba kazi, akampigia Mama Tepu magoti aikubali. Kesho saa tatu kanisa lao jipya linawekwa wakfu. Leo saa sita, baba yake mwenyewe anakuja kuyachukua.

Umeelewa sasa kwa nini vidole vya miguu vilikuwa na mvuto?

Maana aliyekata yale saba ni yeye.

Tatizo ni mahameli. Mahameli ina manyoya kama paka. Ipapase kwenda chini, inalala, inang'aa. Igeuze kichwa chini, manyoya yanasimama, kitambaa kinanuna, kinakuwa cheusi. Ndiyo maana ukutani, juu ya meza ya kukatia, Mama Tepu aliandika kwa chaki: KICHWA UPANDE MMOJA. Vipande vyote vielekee njia moja, hata kitambaa kikipotea.

Sasa wiki mbili nyuma, jioni, mkata nguo mkuu ameshakwenda kwao na Mlokole amebaki peke yake, jora lilikuwa linaisha na majoho saba bado. Dukani rangi ile ilikuwa imekwisha. Mlokole akainamisha kichwa, akaomba hekima. Kisha akaigeuza karatasi ya kukatia, kichwa chini miguu juu, nayo ikaingia kwenye nafasi zilizobaki barabara, kama imezaliwa humo. Majoho saba yakapatikana, vipande vyake akavilaza pamoja na vile vya mkata nguo. Jioni ile alipiga magoti akamshukuru Mungu kwa kumfungulia akili.

Mungu, kwa upande wake, hakusema neno.

Na ubaya wa mahameli ni kwamba joho moja likiwa peke yake halina kasoro hata ya dawa. Kila fundi alishona la kwake kwenye kona yake, akalikunja, akaliweka. Hakuna aliyeona kitu. Mpaka leo yalipokutana.

"Mama," Mlokole alianza. Sauti ikatoka kama uzi unaopita kwenye sindano iliyoziba. "Mama, ile siku..."

"Ni mimi."

Haikuwa sauti yake.

Babu Mkasi alikuwa amesimama kwenye meza ya kukatia, miwani yake imefungwa uzi sikio la kushoto. Miaka ishirini na sita anakata nguo katika karakana ile. Mkasi wake mkubwa wa chuma ameununua mwenyewe, na hakuna anayeruhusiwa hata kuuazima.

"Ni mimi, Mama. Macho haya." Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati, akairudisha. Haikusaidia kitu. "Naona ukungu tangu mwaka jana. Nikawa najificha. Nikawa nakata kwa mazoea, kwa kupapasa. Nitakuwa niligeuza jora bila kujua."

"Babu!" Mama Tepu alimaka.

"Kukata ndiyo kazi yangu. Pamekatwa vibaya. Mwingine atakuwa nani?"

Msomaji, sikiliza vizuri hapa. Babu hakuwa anamfichia mtu. Babu aliamini. Alikuwa ameingoja siku hii mwaka mzima, siku macho yake yatakapomuumbua, na ilipofika aliipokea kama mgeni aliyetoa taarifa.

Mlokole alijua. Duniani, chini ya mawingu, aliyejua ni yeye peke yake.

Mdomo aliufungua. Naapa aliufungua.

"Mwaka mzima!" Mama Tepu alikuwa ameshapandwa na hasira. "Mwaka mzima unanikatia nguo za watu huoni! Nguo za maharusi! Na mimi nakusifu kwa wateja! Chukua vitu vyako, Babu. Kesho usije. Jumatatu usije. Usije kabisa!"

Petro alikana mara tatu. Mlokole hakukana hata mara moja; alinyamaza tu. Jogoo hakuwika. Pikipiki ilipiga honi barabarani, ikapita.

Babu Mkasi akaitika kwa kichwa, akaanza kukunja shuka alilokuwa anakalia kwenye kiti chake.

* * *

Chumba cha Mlokole kiko nyuma ya karakana. Godoro, ndoo, sufuria moja, msumari wa gauni la Jumapili. Mlangoni, ile kufuli. Chumba ni kidogo, lakini humo hakuna aliyewahi kumwamsha aende ibadani, na hajakosa ibada hata moja. Jambo hilo lilimpa fahari kuliko gauni.

Alijifungia, akaanguka magotini.

"Bwana, nipe njia. Yoyote. Ila isiyopitia kwa Mama Tepu."

Kimya.

"Au basi ipitie kwa Mama Tepu, lakini isifike kwa Baba."

Kimya kile kile. Akafungua zipu ya Biblia, akafumba macho, akaweka kidole popote pale, kama wanavyofanya watu waliobanwa. Kidole kikaangukia orodha ya majina. Fulani akamzaa fulani, fulani akamzaa fulani. Akasoma mstari ule mara mbili akitafuta ujumbe. Walikuwa wanazaana tu.

Mlango ukagongwa.

"Mlokole! Unamwombea nani huko na mzee wa watu anaondoka?"

Alifungua. Redio aliingia, akakaa kwenye ndoo bila kukaribishwa.

"Redio, nikuulize. Mtu akifanya kosa, halafu mwingine akalibeba..."

"Si ndiyo habari yenu hiyo?" Redio alisema. "Kila siku napiga pasi unanihubiria hayo hayo. Mmoja kabeba makosa ya wengine. Nikakwambia inapendeza, lakini mimi bado nafikiria."

"Yule alijua anachobeba."

Redio alinyamaza. Ndiyo, Redio. Andikeni tarehe.

"Mlokole," alisema polepole. "Ni wewe?"

Mlokole akainamia tena vidole vyake vya miguu.

"Yesu wangu," alisema Redio, ambaye bado alikuwa anafikiria. Kisha akamshika mabega. "Sikia, mdogo wangu. Funga mdomo. Babu haoni, kama si leo ni mwaka kesho, alikuwa anaondoka tu. Wewe una miaka hamsini ya kushona mbele yako. Ukisema, Mama Tepu anakutoa kazini na humu ndani pamoja. Utalala wapi? Utarudi kwa yule baba yako wa makomeo?"

"Nataka kusema. Nikifungua mdomo hakitoki kitu."

"Basi ni Mungu huyo anakuziba!"

Mlokole alimtazama. Lilikuwa jambo la kuogofya kiasi gani, kwamba moyo wake ulitamani neno lile liwe kweli.

Na hapo hapo, barabarani, honi. Siyo ya pikipiki. Honi ya gari la kanisa, ndefu, yenye heshima zake.

Saa nne na nusu. Baba amewahi.

* * *

Mama Tepu ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara haanzi kwa kumwonyesha mteja jeraha. Kufumba na kufumbua, majoho saba yalikuwa yamesokomezwa kwenye gunia nyuma ya cherehani, pazia limevutwa, na yeye yuko mbele sehemu ya wateja ana joho moja tu mkononi. Lile linalong'aa kuliko yote.

"Karibu, mzee! Karibu! Binti yako huyu hapa."

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

Fundi kufuli hakumtazama. Alichukua joho, akaligeuza ndani nje. Vidole vya fundi kufuli, msomaji, vinasikia visichokiona. Vilitembea juu ya mshono mmoja mmoja, begani, kwapani, kwenye upindo, vikitafuta pa kulaumu.

"Nani ameshona hapa?"

"Binti yako," alisema Mama Tepu.

"Na kukata?"

"Binti yako." Na lile, kweli, alikata yeye, joho pekee alilopewa ajaribu, kichwa upande mmoja.

Baba alilikunja joho taratibu, akalilaza mezani. Kisha akainua uso.

"Nimekuja nimejiandaa kukurudisha," alisema. "Mama yako ameshatandika kitanda. Nilimwambia, yule mtoto anamtumia Mungu kama ufunguo bandia. Kila mlango anaotaka kutoka, anamchomeka." Akapangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Sasa naona..."

Hakumaliza. Mikono yake ilikwenda kiunoni, ikahangaika na mnyororo. Mtu anayefungua kabati la chuma kwa kipande cha waya alishindwa na pete ya funguo zake mwenyewe. Mwishowe ukatoka.

Ufunguo wa pili.

Aliuweka kwenye kiganja cha binti yake, akavifunga vidole vyake juu yake, kimoja baada ya kingine.

Ndivyo hasa Mlokole alivyokuwa amekiota kitendo hicho, miezi kumi na mmoja. Godoroni, kwenye foleni ya maji, juu ya cherehani. Katika ndoto zake zote alikuwa anacheka.

"Tuombe," alisema baba.

Mkono wake mzito ukatua kichwani kwa Mlokole. Mama Tepu akafumba macho kwa adabu ya kibiashara. Redio, mlangoni, akafumba jicho moja.

Niwaambie kitu kuhusu maombi ya mzee huyu. Hayakatizwi. Siku moja kipande cha dari kilianguka katikati ya sala yake, waumini wakatawanyika, yeye akaendelea hadi mwisho na vumbi nyusini. Sasa alianza na uumbaji, akapitia gharika, akawa anakaribia duka la Mama Tepu.

Mlokole alifumbua macho.

Pazia lilikuwa limeacha mwanya. Kwenye mwanya ule aliona karakana, na katikati ya karakana Babu Mkasi, anapapasa. Alipapasa meza ya kukatia, pembe hadi pembe, kama mtu anayeaga farasi. Akachukua kikombe chake. Akaegemea ukutani kidogo, akaipumzisha miguu yake iliyovimba. Halafu akajitwika gunia begani, akaelekea mlango wa nyuma.

Miaka ishirini na sita, aliwaza Mlokole, na mali yote inaenea kwenye gunia.

"...na tunakushukuru kwa mikono hii ya mtumishi wako," baba alikuwa anasema, "mikono isiyo na hila, uliyoilinda, ikakata kwa haki na kushona kwa kweli..."

Ufunguo ulikuwa unamchoma kiganjani.

"...nasi sote kwa pamoja tuseme..."

"Baba, usiseme amina."

Mkono kichwani uliganda.

"Usiseme amina, Baba. Ni mimi." Na kama uzi uliokuwa umekwama ghafla umepita, yote yakatoka mkururo. "Mama, ni mimi niliyegeuza karatasi. Kitambaa kilikuwa hakitoshi. Yale saba nimekata mimi. Babu hakukosea. Babu hajui kwamba hakukosea."

Mama Tepu alifumbua macho. Polepole sana, alinyanyua mkono, akaivua tepu shingoni, akaiweka mezani. Redio anaapa hadi leo kwamba ndiyo siku aliyojua Mama Tepu ana shingo.

"Ulikuwa umesimama pale," alisema. Hakupiga kelele, na ingekuwa heri angepiga. "Namfukuza mtu wa miaka ishirini na sita, na wewe umesimama pale, unanitazama."

"Ndiyo, Mama."

"Na asubuhi uliongoza sala hapa."

"Ndiyo, Mama."

Alimgeukia baba yake. Mzee wa maneno mengi alinyoosha tu kiganja, kikiwa wazi.

Mlokole akaurudisha ufunguo. Ulikuwa umeshapata joto la mkono wake.

"Yako wapi hayo saba?" baba akauliza, akimwelekea Mama Tepu, kana kwamba binti hayupo.

"Yamefichwa nyuma, mzee. Nisamehe. Redio! Mrudishe Babu haraka, na lile gunia ulilete hapa."

Redio alitoweka nyuma ya pazia. Mlango wa nyuma ukalia. Miguu ikakimbia nje, ikasimama, ikarudi. Aliporudi alikuwa mikono mitupu na uso umempauka.

"Babu hayupo."

"Gunia?"

"Nilidhani ni vitu vyake!" Redio alikuwa karibu kulia. "Kabla ya sala nilimkuta analifunga, nikamuuliza, Babu, gunia zito hilo, nikusaidie? Akasema hapana, aibu yangu naibeba mwenyewe, siwezi kuiacha kwa watu. Akasema dawa yake anaijua, na kabla ya ibada yatakuwa kanisani. Sikuuliza ni yapi."

"Dawa gani?"

"Sijui, Mama."

"Amechukua nini kingine?"

"Mkasi wake. Ule mkubwa."

Mama Tepu akakaa kwenye kiti cha wateja. "Yule mzee," alisema, "haoni tundu la kifungo."

Majoho saba ya mahameli. Jora halipo dukani, halipo popote. Na mahali fulani mjini, muda huo huo, mzee asiyeona alikuwa njiani kwenda kutandaza la kwanza mezani ili alipe kosa ambalo hakulifanya.

"Anakaa wapi?" baba aliuliza. "Gari lipo nje. Anakaa wapi huyo mzee?"

"Alihama mwezi uliopita," alisema Mama Tepu, akiitazama tepu yake mezani. "Alitaka kunielekeza. Nikamwambia angoje, nina wateja."

Baba akamgeukia Redio. Redio, ambaye anajua nani amegombana na nani mitaa mitatu kwenda juu na mitatu kwenda chini, akatikisa kichwa.

Basi kwa mara ya kwanza tangu kiganja chake kiupokee ufunguo, fundi kufuli akamtazama binti yake usoni.

"Barua zako kwa mama yako nasoma na mimi," alisema. "Kila barua unaandika kuna babu mmoja kazini, miguu inamvimba, unamwombea kila asubuhi kwa jina lake. Ndiye huyu?"

"Ndiye, Baba."

"Anakaa wapi?"

Mlokole akafungua mdomo. Safari hii haukuzibwa na kitu. Miezi kumi na mmoja, asubuhi haikupita hata moja bila kuitaja miguu ile mbele za Mungu, na siku hata moja hakuwahi kumuuliza mwenyewe inampeleka wapi jioni.